Kushinda, kukesha na kuvuta muda kwa Kiingereza: mwongozo wa "on", "away", "out" na ndugu zao

Swali la wiki hii ni lilelile la wiki iliyopita: "Mwalimu, 'drag on' na 'drag out' si kitu kimoja?" Hapana, si kitu kimoja. Kabla sijamaliza kujibu linakuja la pili: "'Away' si mbali? Sasa mtu anachapa barua mbali kwa namna gani?" Halafu yupo mwanafunzi wangu mmoja, fundi cherehani mwenye wateja wageni, aliyemwandikia mteja wa gauni hivi: "Please hang on for two weeks." Mteja akajibu kwa alama ya kuuliza, basi. Fundi alitaka kusema "naomba uvumilie kidogo". Mteja alisoma "hebu ngoja hapohapo", kisha akakutana na wiki mbili.

Nimechoka kujibu haya kwenye simu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Tunazungumzia vile vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili, kitenzi na kijineno nyuma yake, na hasa vile vinavyosema kwamba jambo limechukua muda. Walimu wengi huwapa wanafunzi orodha ya vitenzi mia mbili wakariri. Mimi sitoi orodha. Kwenye vitenzi hivi habari ya muda imebebwa na kile kijineno cha mwisho, na vijineno vyenyewe havifiki kumi.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Daftari lenye kurasa sita tupu. Juu ya kila ukurasa andika kijineno kimoja: on, away, out, around, up, through. Usipange kwa kitenzi. Ukiweka "carry on", "carry out" na "carry over" ukurasa mmoja utachanganyikiwa bure, maana hao wamefanana jina tu, ukoo mbalimbali. "Carry on" ndugu zake ni "keep on" na "go on".
- Kamusi ya wanafunzi, ile ya Kiingereza kwa Kiingereza, yenye vifupisho "sb" na "sth". Cha kwanza ni mtu, cha pili ni kitu. Mahali vilipokaa ndani ya kitenzi ndipo shamirisho, yaani kile kinachotendewa, linapokaa. Watu wengi wanaviruka kana kwamba ni uchafu wa uchapaji.
- Uwe umeshamalizana na "-ing" na wakati uliopita. Kama "went" na "gone" bado vinakupiga chenga, rudi kwanza kwa hivyo.
- Kitu cha kusikiliza. Mtangazaji wa Ligi Kuu ya Uingereza anatosha kabisa. Timu ikiwa mbele kwa bao moja dakika ya 85 na inashambuliwa, hutakosa "they're hanging on" na "can they hold out?"

Hatua ya 1: Anza na Kiswahili chako

Kabla ya kufungua kamusi, andika unachotaka kusema kwa Kiswahili, tena cha nyumbani. Mtoto ameshinda analia. Mama amekesha na mgonjwa. Mzee akazidi kusimulia. Nimekaa nasubiri weee. Kesi inapigwa kalenda. Ofisi imenipiga danadana miezi mitatu.

Umeona? Sisi tuna vitenzi vyenye muda tumboni. Kushinda ni mchana mzima, kukesha ni usiku kucha, wala huhitaji kuongeza neno. Kiingereza hakina neno moja la kushinda, kwa hiyo wao huchukua kitenzi cha kawaida wakakichomekea kijineno nyuma. Ukitafuta tafsiri ya neno kwa neno utaambulia "he spent the day crying", ambayo si kosa, ila haina ladha. Badala ya kutafuta neno, uliza: muda huu umepitaje?

- Hakukoma, japo sababu ya kukoma ilikuwepo: on
- Amezama kwenye shughuli, hana habari na saa: away
- Mtu anaurefusha muda, au mtu anauvumilia mpaka uishe: out
- Yupoyupo tu: around
- Hakulala: up
- Tangu mwanzo mpaka mwisho: through

Andika jibu pembeni mwa sentensi yako ndipo uendelee.

Hatua ya 2: "On", hakukoma

Hiki ndicho kikubwa, kipe muda. Chukua kitenzi chochote cha tendo linaloweza kuendelea, weka "on" nyuma, na umeshasema "akaendelea". "She walked on" ni akaendelea kutembea, "read on" ni endelea kusoma, "they fought on" ni wakaendelea kupigana. Mwamuzi wa mpira akiona kosa lakini mshambuliaji bado ana mpira, hunyoosha mikono mbele: "Play on!"

Kisha kuna watatu wanaosema kuendelea moja kwa moja: "carry on", "keep on" na "go on". Hawalingani.

"Carry on" haina kinyongo. Uko njiani kwenye kazi yako, umekatizwa, unarudi. Mwaka 1939, vita vikinukia, serikali ya Uingereza ilichapa bango la "Keep Calm and Carry On", tulieni muendelee na shughuli zenu. Ikifuatwa na kitenzi inataka "-ing": "carry on working". Ikifuatwa na jina inataka "with": "carry on with your work".

"Keep on" ina harufu ya kurudiarudia, na mara nyingi ya kuchosha. "He keeps on calling me": ananipigia, ananipigia, kila nikikata anapiga. Ukimwambia bosi "you keep on calling me" umemlalamikia, hata kama ulitaka kumshukuru.

"Go on" ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko yote, na nauona karibu kila wiki:

"She went on talking about her children." Aliendelea kuzungumzia watoto wake.

"She went on to talk about her children." Alimaliza jambo la kwanza, *kisha* akahamia kwenye habari za watoto wake.

Tofauti ni "-ing" na "to" tu, na maana zimepishana kabisa. Ukiona "went on to", soma "baadaye aka-". Ndiyo maana wasifu wa watu mashuhuri umejaa "went on to become": baadaye akawa.

Sasa wale wenye hukumu ndani yao. Mwaka 2010 kule Wimbledon, John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza mechi ya tenisi kwa saa 11 na dakika 5, imegawanyika siku tatu, seti ya mwisho ikaisha 70 kwa 68. Mpenzi wa tenisi atasema "the match went on for eleven hours". Aliyepelekwa pale na mkewe atasema "the match dragged on for eleven hours". Saa ni zilezile. "Drag" ni kuburuta, kwa hiyo ukisema "drag on" umeshatangaza kwamba umechoka. Usiseme hivyo juu ya harusi ya mtu wala hotuba ya mgeni rasmi akiwa anasikia.

Kwa mtu anayeongea bila breki wana ukoo mzima. "Drone on" ni sauti moja kama nyuki, mpaka usingizi. "Ramble on" ni kutanga na njia, hajulikani anaelekea wapi. "Harp on" ni kurudia jambo lilelile, kama anayepiga kinubi kwenye uzi mmoja. Na "go on about" ndiyo ya kila siku: "he's always going on about his car". Zote ni kusema vibaya. Hakuna hata moja ya kumsifia msimuliaji.

Moja zaidi, kwa sababu ni nzuri. Bi Kidude alifariki mwaka 2013, lakini "her voice lives on", sauti yake ingali hai. Linganisha na "we live on ugali", tunaishi kwa ugali. Hapa "on" si ya muda tena, ni ya kutegemea. Utazitofautishaje? Kwanza kwa kinachofuata: kwenye ugali kuna jina nyuma ya "on", kwenye sauti hakuna. Pili kwa mkazo: "on" ya kuendelea hupigwa kwa nguvu, lives ON, drive ON. "On" ya kawaida humezwa. Zisome kwa sauti mara tano, sikio litashika.

Onyo: "on" ya kuendelea haikai na shamirisho. Usiandike "he read on the book" ukimaanisha aliendelea kusoma kitabu. Sema "he read on" uishie hapo, au "he carried on reading the book".

Hatua ya 3: "Away", amezama

Tupa ile maana ya "mbali". Hapa "away" ni mtu aliyezama. Mwone katibu muhtasi ofisini, vidole kwenye kibodi, mashine ya chai inapiga kelele, watu wanapita, yeye hata hainui uso. Huyo "is typing away". Wanawake wawili kibarazani wanasuka ukili huku soga imenoga: "they're chatting away". Kuna raha fulani humo, au walau bidii.

Bidii ikizidi utapata "work away", "plug away" na "slave away", ambayo ya mwisho ni kufanya kazi kama punda. Kitu kinachofanyiwa kazi kikitajwa, lazima kipitie "at": "she's plugging away at her thesis". Na "chip away at" ni kumegua kidogokidogo: deni la milioni mbili unalipa elfu hamsini kila mwezi, "I'm chipping away at the debt".

Kosa ambalo silichoki kulisahihisha ni "he was typing away the letter". Hapana. Ama "typing the letter", ama "typing away at the letter". Ukiweka shamirisho moja kwa moja baada ya "away", msomaji anadhani kitu kimetupwa au kimepotea.

Isipokuwa shamirisho likiwa ni muda wenyewe! Hapo muda ndio unaopotea kweli. "We danced the night away": tulicheza mpaka majogoo. "They whiled away the afternoon playing bao": walipitisha alasiri kwa bao. Hilo "while" ni neno la zamani la muda, na Waingereza wenyewe hulikosea wakaandika "wile", kwa hiyo usijione mjinga.

Onyo la pili: usiweke "away" ya kuzama kwenye vitenzi vya mwendo. "Run away" ni kutoroka, "walk away" ni kuondoka na kuacha jambo. Mwendo unaoendelea ni kazi ya "on".

Hatua ya 4: "Out", nani ameshika kamba?

"Out" ina sura mbili, na swali ni moja: nani ameushika huu muda?

Sura ya kwanza, mtu anaurefusha. Hapa ndipo jibu la swali la kila wiki lilipo. "The case dragged on" ni kesi yenyewe ilijiburuta, simtaji mtu. "The lawyer dragged out the case" ni wakili ndiye aliyeiburuta, anavuta muda. "Drag on" haina shamirisho, "drag out" inalitaka. Kama umewahi kuwa na kesi ya ardhi unajua tofauti hiyo ina uzito gani: ya kwanza ni malalamiko, ya pili ni shutuma.

Kwenye kundi hilo yupo pia "draw out", ambayo utaiona zaidi kama sifa, "a long drawn-out case". "Spin out" ni kurefusha kidogo ulichonacho: umekaa kijiweni na kikombe kimoja cha kahawa saa mbili nzima ili usifukuzwe, "he spun out one coffee all afternoon". Na ipo "eke out", ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu kila mwenye mshahara anaijua hata kama hajawahi kuisikia. "She eked out her salary until the end of the month": aliubanabana mshahara mpaka mwezi ukaisha. "Eke" ni neno la kale lenye maana ya kuongeza.

Sura ya pili, mtu anavumilia mpaka mwisho. "Hold out" ni kushikilia bila kusalimu amri. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck na jeshi lake la Wajerumani na askari wa Kiafrika hapa Afrika Mashariki "held out until November 1918". Ulaya walisimamisha vita tarehe 11 Novemba, yeye akaweka silaha chini tarehe 25, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. "Stick it out" ni kuvumilia jambo lisilopendeza: kazi mbaya, mkutano mbaya, ndoa wengine. Hiyo "it" haitoki, usiulize ni nini. "Wait out" ni kusubiri kitu kipite: "we waited out the rain under the mango tree". "Last out" ni kutosha mpaka mwisho: "will the battery last out until evening?"

Na kiwakilishi hukaa katikati: "drag it out", "wait it out". Kamwe usiseme "drag out it". Hili halina mjadala.

Hatua ya 5: "Around", yupoyupo

Fupi. "Hang around", "wait around", "sit around": kukaa mahali bila shughuli maalumu. Mwingereza hupenda pia "about", "hang about", Mmarekani hushikilia "around". Zina dharau kidogo, kwa hiyo kwenye barua ya kazi usiandike "I am hanging around for your reply". Umejichora umekaa nje ya ofisi yao umeegemea ukuta. "Stick around" ndiyo yenye ukarimu: "stick around, we're going to eat", usiondoke, chakula kinakuja.

Hatua ya 6: "Up" na "through", usiku kucha na mwanzo mpaka mwisho

Kukesha kumegawanyika. "Stay up" ni kutolala tu, hata kwa kuangalia mpira. "Sit up with" ni kukesha na mgonjwa au mwenye msiba. "Wait up for" ni kukesha ukimsubiri mtu arudi, kama mama anayesubiri kijana wake. Ukimwambia mtu "I stayed up with my father in hospital" ataelewa, lakini "I sat up with my father" ndiyo inayobeba kiti cha pembeni ya kitanda.

Usichanganye na "stay on", ambayo ni kubaki mahali wengine wakishaondoka: "she stayed on in Mombasa after the course".

"Through" ni kulipita jambo lote. "Sit through" ni kukaa mpaka mwisho, kwa kawaida kwa tabu. "Sleep through" ni kulala jambo likapita: "I slept through the earthquake". Mtego uko kwenye "see through", na ni mtego wa nafasi:

"She saw the plan through." Aliusimamia mpango mpaka ukakamilika.

"She saw through the plan." Aliugundua ujanja uliomo.

Hiyo ya kwanza ni ya muda, na shamirisho lake hukaa katikati. Ukikosea nafasi kwenye barua ya kuomba kazi, umejigeuza mpelelezi.

Nje ya kurasa sita nakuongezea moja: "string along". Hiyo ndiyo danadana yetu. Njoo kesho, njoo keshokutwa, faili liko mezani. "They strung me along for three months." Mimi nilizungushwa hivyo nikidai malipo ya kufundisha mahali fulani, na siku niliyoipata hiyo sentensi kwa Kiingereza nilijisikia nafuu, ingawa hela sikuipata.

Hatua ya 7: Funga sentensi kwa muda sahihi

Vitenzi hivi hupenda "for", "until", "all day", "all night", "since". Vinakataa "in". "The meeting dragged on for three hours" ni sawa. "Dragged on in three hours" si sawa, kwa sababu "in" ni ya jambo linalomalizika, na hapa tunasema halimaliziki.

"Tangu" yetu inawaponza watu. Sisi tunasema "tangu miaka miwili iliyopita", mtu anatafsiri "since two years". Kiingereza kinataka "since" na *siku ya kuanzia*, "since Monday", na "for" na *urefu*, "for two years". Jambo lililoanza zamani na bado linaendelea litavaa "have been": "the case has been dragging on since 2019".

Na saa zetu! "Mkutano uliendelea mpaka saa mbili usiku" ni "until eight". Nimeona mtu akiandika "until two at night", na mwenyeji wake Mwingereza akamwonea huruma kwa kutolala.

Hatua ya 8: Chukua tukio moja, liseme kwa kila kijineno

Hapa ndipo vinapoingia damuni. Nitakuonyesha kwa tukio ambalo Mtanzania hahitaji kusimuliwa mara mbili. Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki. John Stephen Akhwari anaanguka njiani, goti linaumia, linafungwa bendeji, anarudi barabarani. Anaingia uwanjani giza limeingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

"He got up and ran on." Aliinuka akaendelea kukimbia.

"He limped on with a bandaged leg." Akaendelea, safari hii akichechemea. Kitenzi kimebadilika, "on" imebaki.

"The pain was terrible, but he stuck it out." Sasa tunaangalia uvumilivu.

"He saw the race through." Sasa tunaangalia mwisho.

"A small crowd had stayed on." Watazamaji wachache walikuwa wamebaki. Ukisema "were hanging around" umewafanya wazururaji, na walikuwa mashahidi.

Jaribu sasa kuharibu. "Akhwari ran away": umemfanya mtoro. "He dragged out the race": umesema alichelewesha mbio kwa makusudi. Makosa haya mawili andika kwenye daftari kwa wino mwekundu, yanafundisha kuliko sentensi zote sahihi.

Kisha chukua tukio lako mwenyewe, foleni ya hospitali, safari iliyoharibikiwa gari, usiku wa kuamkia mtihani, ulipitishe kwenye kurasa zote sita. Sehemu nyingine kijineno kitagoma. Kikigoma, andika kwa nini.

Ukikwama

*Kamusi imenipa maana nane za "go on".* Angalia jirani yake. Nyuma yake kuna "-ing"? Ni kuendelea. Kuna "to"? Ni kisha. Kuna "about"? Ni kulalamika au kuongea mno. "What's going on?" ni kuna nini hapa, haina uhusiano na muda.

*Sijui kama "away" hii ni ya muda au ya kutupa.* Kifute kijineno usome upya. "He was typing away" ukifuta inabaki "he was typing", bado ni kweli. "He threw away the letter" ukifuta inabaki alirusha barua, habari imeharibika. Kipimo hiki kinafaa kwa "on" na "away". Kwa "hang around" hakifai, usilazimishe.

*Sikisikii kijineno watu wakiongea.* Kwa sababu hakisemwi peke yake. Konsonanti ya kitenzi inahamia kwenye kijineno: "keep on" utasikia *kipon*, "hang on" *hangon*, "drag it out" *dragitaut*. Fungua matangazo ya mpira, funga macho, sikiliza mwisho wa kitenzi badala ya mwanzo.

*Nimesahihishwa barua ya kikazi, wamefuta vitenzi vyote hivi.* Wamefanya vizuri. Hivi ni vya mdomoni na vya barua za kirafiki. Kwenye karatasi rasmi "carry on" huwa "continue", "drag out" huwa "prolong", "stay on" huwa "remain", "hold out" huwa "resist". Vijue vyote viwili, vaa kinacholingana na shughuli.

*Nimemwambia mtu "hang on" akakasirika.* Kwenye simu "hang on" ni sekunde chache, na ni ya mtu mliyezoeana. Kwa mteja sema "could you hold on a moment, please?", tena moment kweli, si saa nzima. Na kwa yule mteja wa gauni tuliandika upya pamoja na fundi: "Thank you for your patience. Your dress will be ready in two weeks." Hakuna kijineno hata kimoja. Gauni lilichukua wiki tatu.